Vipele vyeusi mashavuni: umeme, mkasi, ubaridi au krimu?

Mkuu, umesema mama yako ana vipele vyeusi vidogo mashavuni na pembeni mwa macho, haviumi wala haviwashi, vinaongezeka mwaka hadi mwaka, na hapo Mbeya kila mtu anampa dawa yake. Kwa maelezo hayo, ni vile vinyama tunavyorithishana kwenye ukoo sisi weusi. Madaktari huviita dematosisi papulosa nigra. Si saratani na havigeuki saratani. Akiviacha hajakosea. Akitaka vitoke, aangalie kwanza njia itakayoacha alama ndogo, maana kwenye ngozi yetu kovu huonekana kuliko kipele chenyewe.

Mimi ningeanza na umeme, yaani kukichoma kipele kwa mashine. Krimu ya ganzi inapakwa, inafunikwa kwa plastiki, inakaa saa nzima. Daktari anaweka mashine nguvu ya chini kabisa, anagusa kichwa cha kipele kwa ncha nyembamba kama sindano, mara moja tu, mpaka kigeuke kijivujivu. Hapo anaacha. Gamba litakauka na kudondoka lenyewe baada ya wiki moja hivi. Wengi huharibiwa na haraka: mtu anataka kipele kiishe siku hiyohiyo, anachimba, shavu linabaki na kishimo au weusi wa miezi. Kwa hiyo aombe wajaribu viwili vitatu karibu na sikio, asubiri wiki 6 hadi 8, ndipo waendelee. Kama ana makovu yanayovimba mwilini, aseme mapema.

Vyenye kikonyo vinakatwa kwa mkasi mdogo, basi.

Ubaridi wa naitrojeni ya maji, yaani kukigandisha kipele kwa gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, usoni akatae. Chembe zinazotengeneza rangi hufa kwa baridi ndogo kuliko chembe nyingine za ngozi. Kipele kinatoka, kinabaki kibaka cheupe, na pengine rangi isirudi tena.

Krimu ya haidrokwinoni inafifisha rangi, haiondoi kinyama. Kazi yake ni madoa bapa kama melasma (mabaka ya kahawia usoni), tena kwa miezi michache chini ya daktari. Zile za kuchanganya za sokoni, zenye steroidi au zebaki, asiziguse. Na tindikali ya kuchomea sunzua isisogee karibu na jicho la mama wa watu!

Baada ya kuchoma, apake vaselini kidogo mara 2 kwa siku na asibandue gamba. Halafu jua. Mbeya ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Baridi ya Juni inadanganya. Mtu amejitanda shuka huku uso unaungua. Gamba likidondoka, kofia pana na losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi kwa miezi 3.

Ila doa moja lisilofanana na wenzake, linalokua haraka au kutoa damu, au weusi mpya kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, lisichomwe kabisa. Likatwe kipande kipelekwe maabara kwanza.