SWALI: Kochi wa pesa wa Instagram anaanza na aya, hela zetu hazitoki, na ile faida niliyokula vipi?

Swali: Asalam aleykum sheikh, mimi ni mama wa watoto watatu nipo Tanga. Kuna kijana Instagram anajiita kochi wa uchumi wa halali, kanzu nyeupe, kila posti anaanza na aya. Nikaingia grupu lake la Telegram nikaweka laki sita ya forex, ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, ahadi ni asilimia 15 kila wiki mbili na mtaji haupotei. Mara mbili nilipata elfu tisini tisini, nikamwingiza wifi yangu na majirani wawili, nikapewa bonasi elfu 30 kwa kila kichwa. Sasa nikitaka kutoa hela naambiwa nitume kwanza laki na nusu ya kodi. Kochi anasema ni mtihani tusubiri. Ningemjuaje? Na nilichokula hukmu yake nini?

Jibu: Waaleykum salaam dada yangu. Kabla ya yote, hiyo laki na nusu usitume. Usitume hata nusu yake. Kodi halali haikatwi kwa kumtumia mtu kwenye namba yake ya simu, huyo ni yule yule wa "ile pesa tuma kwa namba hii" sema huyu kavaa kanzu.

Haya sasa, ungemjuaje. Watu wanadhani lazima uijue forex, chati na ile michoro ya bei wanayoiita mishumaa, ndo umjue tapeli, wallahi hata mimi siijui vizuri. Ila fiqhi inatutosha. Ukimpa mtu mtaji akafanye biashara mkagawana faida hiyo inaitwa mudharaba, na sharti lake mnakubaliana fungu, nusu kwa nusu au thuluthi, la kile KITAKACHOPATIKANA, na bila uzembe wa mfanyaji hasara inakula mtaji wa mwenye mali. Hadithi ya Mtume ﷺ inasema al-kharaj bidh-dhamaan, yani anayestahiki faida ni yule aliyebeba dhamana ya hasara. Mtume mwenyewe kabla ya utume alipeleka mali ya bibi Khadija Sham, na msafara ni msafara, mali inaweza kuporwa njiani, hakuna ajuaye faida kabla ngamia hawajarudi.

Sasa huyu kochi kakwambia mtaji haupotei na faida imeshapangwa asilimia 15. Hapo kuna mawili tu. Kama anasema kweli basi wewe umemkopesha na anakulipa nyongeza iliyopangwa juu ya mkopo, hiyo ni riba. Kama anasema uongo basi ni wizi. Sasa uhalali utatokea mlango gani? Lile neno lililokuvutia, "hakuna hasara", ndo hilo hilo linalomfichua, na alilisema siku ya kwanza.

Chukua hata kalkuleta. Laki sita ikiongezeka asilimia 15 kila wiki mbili na hujaigusa, mwaka ukiisha inapita milioni 22. Mtu mwenye mashine hiyo anakuja kuhangaika na mama wa Tanga wa laki sita kwa lipi? Angeanza na laki yake moja akanyamaza. Mtaliano mmoja, Charles Ponzi, mwaka 1920 pale Boston aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45 kwa kisingizio cha kuponi za posta, kumbe anamlipa wa jana kwa hela ya wa leo. Na hapa kwetu DECI, ule upatu wa 2009, mnaikumbuka, ndugu zetu wakristo waliambiwa panda mbegu uvune na waliokuwa wanaiongoza ni wachungaji, tukawacheka, leo kanzu imefanya kazi ile ile kwetu.

Utasema lakini sheikh alinilipa mara mbili. Mtume ﷺ alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, juu kavu, akatia mkono ndani vidole vikatoka na unyevu, akasema anayetughushi si katika sisi. Zile elfu tisini ndo nafaka kavu ya juu. Kutia mkono ni kuuliza leseni yake iko wapi, kisha uende Benki Kuu au CMSA, ile mamlaka ya masoko ya mitaji, wakwambie wanamjua au hawamjui, usiangalie cheti alichokupostia yeye. Zile skrinshoti za faida hata akaunti ya demo inazitoa, na hela ya demo ni ya kuchezea. Gari analopigia picha linakodishwa. Na grupu ambalo admini peke yake ndo anaandika na ukiuliza unatolewa, jamani, mfanyabiashara mkweli anaogopa swali gani? Aya ya 6 ya Hujurat inatwambia tuchunguze habari, na kuweka aya kwenye bio si uchunguzi.

Ulichokula sasa. Ile laki na themanini ihesabu ni sehemu ya mtaji wako iliyorudi, si faida, bado unamdai laki nne na ishirini. Ila bonasi elfu 90 ile si yako, ni ujira wa kuwaingiza watu shimoni hata kama hukujua, na wenyewe unawajua, warudishie elfu 30 kila mmoja, kama huna leo andika deni. Na uwaombe radhi kwa mdomo, sio voisi noti.

Kuhusu kumsema, maana najua utaogopa dhambi ya kusengenya, imam Nawawi kataja kabisa kwamba kuwatahadharisha waislamu na shari ya mtu ni katika ruhusa. Sema kilichokupata bila kuzidisha chumvi. Meseji za miamala usifute, nenda nazo polisi, na akija mtu inbox anasema yeye anarudisha hela zilizoibiwa kwa ada kidogo, basi ni yule yule kabadilisha picha ya profaili.

Wallahu aalam. Na wifi yako mpigie sasa hivi, asije akawa naye kashaambiwa atume kodi.