Kufunga Navratri bila Kuishiwa Nguvu

Navratri ni sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, na kati ya zile zinazoadhimishwa kila mwaka, inayofungwa na wengi zaidi miongoni mwetu Wagujarati wa Dar es Salaam ni ile ya Septemba au Oktoba, wakati joto linapoanza kupanda. Majirani Waislamu, waliozoea saumu ya Ramadhani, mara nyingi hudhani kwamba nasi hukaa bila hata maji mpaka magharibi. Wapo wanaofunga hivyo, na wapo wanaokula mara moja tu kwa siku au kuishi kwa matunda na maziwa, lakini mfungo ulioenea zaidi haukatazi kula mchana. Unachokataza ni aina ya vyakula: nafaka kama mchele na ngano, jamii ya kunde, vitunguu maji na vitunguu saumu, nyama, mayai, pombe, na hata chumvi ya kawaida ya mezani, ambayo nafasi yake huchukuliwa na chumvi ya mawe.

Kwa sababu hiyo, anayelegea kufikia siku ya tatu, kwa jinsi nilivyoona nyumbani kwetu kwa miaka mingi, mara chache huwa amelegea kwa kukosa chakula. Amekula wanga na mafuta kutwa nzima: krispi za viazi, muhogo wa kukaanga, vada za sabudana (vibonge vya kukaanga), na vikombe vya chai yenye sukari nyingi kati ya mlo na mlo. Dengu, choroko na mbaazi, ambazo kwa sisi tusiokula nyama ndizo zinazotujenga mwili, zimeondoka mezani na hakuna kilichowekwa badala yake.

Chukueni mfano wa sabudana, zile punje nyeupe zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Gramu 100 za sabudana kavu hazina hata gramu 1 ya protini, ilhali karanga za uzito huohuo zina takriban gramu 25. Ndiyo maana kichidi ya sabudana isiyo na karanga za kutosha hushibisha kwa muda mfupi, kisha usingizi ukafuata. Mimi huziosha punje mpaka maji yatoke maangavu, nikaziloweka usiku kucha katika maji yanayozifunika kidogo tu, na asubuhi huziona ziko tayari punje moja inapopondeka kwa urahisi kati ya vidole viwili. Kisha huzichuja vizuri na kuzichanganya na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nikizitia kwa wingi kuliko mapishi mengi yanavyoelekeza, kabla ya kuzigeuza katika samli kidogo yenye bizari nyembamba, pilipili mbichi na vipande vya viazi vilivyochemshwa. Limau hukamuliwa mwisho. Kando ya sahani lazima pawe na bakuli la mtindi.

Unga wa rajgira, yaani mbegu za mchicha zilizosagwa, unastahili heshima zaidi kuliko unavyopewa, kwa kuwa una protini nyingi kuliko unga wowote mwingine ninaoutumia wakati wa mfungo, na chapati zake hukaa tumboni kwa saa kadhaa. Hupatikana katika maduka ya vyakula vya Kihindi. Lakini si lazima kila kitu kitoke dukani. Muhogo au magimbi ya kuchemsha kwa tui la nazi, kama yale ya futari ya jirani, yanafaa kabisa kwa Navratri, mradi yapikwe bila kitunguu na yatiwe chumvi ya mawe.

Kuhusu maji, msingoje kiu. Saa za mchana mimi hunywa mtindi uliozimuliwa kwa maji, wenye chumvi ya mawe na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, na jioni hunywa dafu. Chai naibakiza kikombe kimoja asubuhi, baada ya kula lozi zilizolowekwa na ndizi, kwa sababu chai juu ya tumbo tupu huniletea kiungulia.

Usiku ndio wenye kazi, maana garba, ngoma yetu ya Kigujarati, huchezwa kwa saa nyingi, na ukumbi wenye watu wengi huwa na joto kali. Kula kama dakika tisini kabla ya kwenda: viazi vitamu vya kuchemsha na mtindi vinatosha, pamoja na tende mbili tatu. Ukirudi, kunywa maziwa ya vuguvugu ulale. Sahani ya vitu vya kukaanga usiku wa manane itakuamsha mzito.

Mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini, na mama mjamzito, waonane na daktari kabla ya siku ya kwanza, kwa kuwa dini yenyewe haimlazimishi mgonjwa kufunga.

Siku ya kumi, Dashera, Wagujarati hukimbilia vitafunwa viitwavyo fafda na jalebi tangu asubuhi. Unga wa dengu uliokaangwa pamoja na shira ya sukari ni mzigo mkubwa kwa tumbo lililokaa bila dengu na choroko kwa siku tisa, kwa hiyo kwetu hutangulia kichidi laini ya mchele na choroko yenye samli kidogo, na jalebi hungoja mpaka alasiri.