Ndiyo, nafundisha chuo kikuu Marekani, na bado ni mwanafunzi

Mdogo wangu, swali lako ndilo lile aliloniuliza mjomba mwaka jana: kama nafundisha chuo kikuu Marekani, mbona bado naitwa mwanafunzi, na mbona hela ninayotuma nyumbani haina uhakika? Kwa kuwa na wewe umepata udahili wa uzamivu (PhD) huku, na barua yako inakuahidi kazi hiyohiyo, nakujibu bila kukuficha kitu.

Kazi yenyewe iko hivi. Profesa anatoa mhadhara ukumbini kwa watu zaidi ya mia mbili, halafu wanagawanywa vikundi, na vikundi hivyo vinakuja kwetu sisi wanafunzi wa uzamivu. Mimi nina vikundi viwili vya takwimu, watu 56. Mimi ndiye ninayewajua kwa majina, ninayewasahihishia, na ndiye wanayemfuata wakikwama. Wakati huohuo tasnifu yangu inanisubiri. Msimamizi wangu hajawahi kuniuliza nimesahihisha karatasi ngapi. Anauliza sura ya pili imefika wapi.

Tuje kwenye pesa. Chuo kinanifutia ada, kinanipa bima ya afya na mshahara wa kila mwezi. Ada iliyofutwa ni neema kubwa, ila haipiti mkononi mwako, na huwezi kumtumia mama. Mshahara nao ni wa miezi tisa. Likizo ya majira ya joto hakuna kinachoingia mpaka upate darasa la kufundisha au ruzuku, na mwenye nyumba anadai kodi miezi yote kumi na miwili. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Juni ilinikuta na akiba ya wiki tatu.

Najua utasema: si utafute kibarua cha pembeni? Hapana, na hili lishike. Viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, inakuruhusu kufanya kazi za chuoni tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kufundisha kwa nusu muda tayari ni saa hizo 20. Ukienda kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, umehatarisha ukaaji wako wote.

Wala usidhani shida ya mshahara ni ya sisi wageni peke yetu. Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma, wengi wao wanafunzi wanaofundisha kama mimi au wanaosaidia utafiti. Mgomo ulikwenda karibu wiki sita, na mkataba uliomaliza mgomo ulipandisha kima cha chini cha mshahara wa wanafunzi wanaofundisha nusu muda hadi dola 34,000 kwa miezi tisa, kufikia Oktoba 2024. Kwa hiyo chuo kikikupokea, uliza mapema kama wanafunzi wanaofundisha wana chama cha wafanyakazi. Penye chama, saa zako zimeandikwa na una mtu wa kumlalamikia.

Maana saa 20 za kwenye karatasi zinapasuka. Piga hesabu: karatasi 56 za mtihani, kila moja dakika 12, hizo ni zaidi ya saa 11 kabla hujaandaa kipindi wala kujibu barua pepe moja. Wiki ya mitihani nalala nikiona kalamu nyekundu.

Darasani nilianza kwa hofu. Siku ya kwanza niliuliza swali, ukumbi ukawa kimya, kisha kijana mmoja wa nyuma akaniomba nirudie, nikarudia, akaomba tena. Lafudhi yangu ilikuwa inawapita. Tangu siku hiyo kila neno gumu naliandika ubaoni kabla sijalitamka. Wananiita kwa jina langu la kwanza, bila "mwalimu", na nimejifunza kwamba hawanidharau kwa hilo. Mama wa mwanafunzi aliwahi kuniandikia akitaka alama za mwanawe. Kwetu ningemjibu kwa heshima zote. Hapa kuna sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, na nilielekezwa nisimwambie chochote bila ridhaa ya mtoto. Iliniuma kumjibu mzazi hivyo.

Lakini nakuambia kweli, naipenda kazi hii. Muhula uliopita binti mmoja alikuja ofisini akiwa na 41 kati ya 100, karatasi ameikunja mara nne. Tuliifungua mezani. Karibu kila swali alikuwa ameanza sawasawa, kisha akafuta. Nikamwambia aniandikie upya swali la tatu mbele yangu, na kila aliponyanyua kifutio nikamzuia mkono wake kwa neno moja: "Endelea." Alifika mwisho, jibu likawa sahihi. Alilia, na mimi nilishindwa kusema kitu kwa muda. Akaendelea kuja kila Jumatano.

Basi nitumie barua yako yote, si ukurasa wa kwanza tu. Nataka kuona mambo matatu: mshahara ni wa miezi mingapi, wameahidi miaka mingapi, na michango gani inabaki juu yako hata baada ya ada kufutwa, maana hiyo huandikwa chini kwa maandishi madogo. Usisaini kabla hatujaongea. Jumamosi usiku wa kwenu nitakuwa nimemaliza kusahihisha.