Mfalme Meiji: maswali yenu matano

Juma lililopita nilimtaja kwa kupita Mfalme Meiji wa Japani, aliyekaa kitini tangu 1867 hadi 1912. Maswali yakamiminika. Nimechukua matano.

Meiji ni jina lake au cheo chake? (Msomaji, Tanga)

Si hiki wala kile. Yeye aliitwa Mutsuhito, mzaliwa wa Kyoto, 1852. Meiji, yaani "utawala wenye nuru", ni jina la enzi lililotangazwa Oktoba 1868. Zamani mfalme mmoja aliweza kubadilisha jina la enzi mara kadhaa, hata kwa sababu ya tetemeko au nuksi fulani. Kuanzia kwake ikawa mfalme mmoja, jina moja, na akifa analichukua yeye. Kwa hiyo alipokuwa hai hakuna aliyemwita Mfalme Meiji.

Alirithi kiti akiwa na miaka 14. Mtoto wa umri huo anapinduaje nchi? (Msomaji, Nakuru)

Hapindui. Waliopindua ni samurai, yaani tabaka la wapiganaji, wa majimbo ya Satsuma na Choshu: akina Okubo Toshimichi, Saigo Takamori na Kido Takayoshi. Ukoo wa Tokugawa ulikuwa umeshika madaraka kwa zaidi ya miaka 260, mkubwa wao akiitwa shogun, na mfalme amewekwa Kyoto kama pambo. Ukimpinga shogun kwa jina lako, wewe ni mwasi. Ukimpinga kwa jina la mfalme, mwasi ni yeye! Januari 1868, kwenye mapigano ya Toba na Fushimi, bendera ya kifalme ilipoinuliwa upande wa Satsuma na Choshu, askari wengi wa shogun walivunjika moyo, na shogun mwenyewe akatoroka Osaka kwa meli.

Hivyo mimi namwona Mutsuhito kama muhuri kuliko mwandishi wa barua. Ila muhuri ule haukulala kabatini. Mwaka 1888 wazee walipojadili rasimu ya katiba, alihudhuria karibu vikao vyote, akisikiliza tu. Katiba ikatoka Februari 1889, ikiandikwa kama zawadi yake kwa raia. Zawadi yenyewe ilikuwa na masharti: uchaguzi wa kwanza, 1890, ulikuwa wa wanaume wa miaka 25 kwenda juu waliolipa kodi ya yeni 15 au zaidi. Hao walikuwa kama mtu mmoja katika kila mia.

Nimesikia serikali yake ilibadili kalenda ili isilipe mishahara. Ni porojo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si porojo, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Wajapani walifuata kalenda ya mwandamo. Mwishoni mwa 1872 ikatangazwa, kwa taarifa ya wiki chache tu, kwamba siku ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili itakuwa tarehe 1 Januari 1873. Mwezi wa kumi na mbili ukabaki na siku mbili. Nani alipe mshahara wa siku mbili? Isitoshe, mwaka uliokuwa ukija, kwa hesabu ya zamani, ulikuwa na miezi kumi na mitatu. Hazina imekauka, watumishi sasa wanalipwa kwa mwezi, na kwa amri moja serikali imeokoa mishahara ya miezi miwili. Okuma Shigenobu, aliyesimamia fedha wakati huo, alikiri baadaye kwamba hazina ilikuwa sababu. Waliolia zaidi ni wachapaji waliokwisha kuchapa kalenda za mwaka mpya.

Maendeleo yote yale, reli na viwanda, nani alilipa? (Msomaji, Mwanza)

Mkulima. Sheria ya 1873 ilimtoza asilimia 3 ya thamani ya shamba, kwa fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Ghasia zikalipuka, na mwaka 1877 ikashushwa hadi 2.5. Mwaka huohuo wa 1873 vijana wakaanza kuandikishwa jeshini kwa lazima. Tangazo lake lilitumia neno "kodi ya damu", na vijijini watu wakaamini kweli watakamuliwa damu. Wakachoma ofisi. Msomaji wa pwani aliyekua akitishwa na mumiani hatawacheka.

Samurai nao walilipa. Mwaka 1876 wakakatazwa kubeba panga, na posho zao zikageuzwa hati za dhamana. Saigo, yuleyule wa 1868, akaongoza uasi 1877, akashindwa na jeshi la watoto wa wakulima, akafia Kagoshima. Mwaka 1889 akasamehewa, akiwa kaburini.

Enzi hiyo iligusa huku kwetu? (Msomaji, Mombasa)

Ilipita jirani. Meli za kivita za Urusi zilizotumwa kupigana na Japani zilitia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, miezi ya mwanzo ya 1905. Mabaharia wakaugua kwa joto, na hukohuko wakapata habari kwamba Port Arthur, ngome ya Urusi huko China, imeangukia mikononi mwa Wajapani. Mwezi Mei, kwenye mapigano ya baharini ya Tsushima, kati ya Japani na Korea, karibu zote zilizamishwa au kutekwa. Tatu tu zilifika Vladivostok, bandari ya Urusi.

Watu wengi waliotawaliwa walishangilia ushindi ule. Wakorea hawakushangilia. Japani, iliyolalamikia mikataba ya dhuluma ya wazungu, ilikuwa imewalazimisha Wakorea mkataba wa aina hiyohiyo tangu 1876, na 1910 ikaimeza nchi yao.

Aliyeuliza pia kuhusu ile picha maarufu ya mfalme amevaa sare: hakupenda kupigwa picha. Mwaka 1888 Mwitaliano Edoardo Chiossone alijificha akamchora wakati wa chakula, kisha mchoro ukapigwa picha. Hiyo ndiyo iliyosambazwa shuleni, watoto wakawa wanaiinamia.