Jibu: AC inadondosha maji ndani na ubaridi umepungua

Salama mkuu. Kwa ulivyoeleza, AC ya ukutani inachuruzika maji hadi kitandani, haipoozi kama zamani, na fundi anataka hela ya kuongeza gesi. Usimpe kwanza.

Zima kwenye swichi kubwa, siyo rimoti tu. Inua mfuniko wa mbele, chomoa filta mbili. Zikiziba vumbi hewa haipiti, koili (mabomba ya ndani yanayopooza hewa) inaganda barafu, na ikiyeyuka maji hufurika trei ya chini yake inayokinga maji. Zioshe kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, uzianike kivulini, juani zinajikunja.

Kisha angalia lile bomba la maji kule nje. AC ikifanya kazi halafu bomba halitoi hata tone, huenda limeziba. Langu lilijaa utelezi wa kijani, nikaufyonza na mashine ya vumbi inayohimili maji.

Gesi haiishi kama petroli. Ikipungua inavuja mahali, kwa hiyo anayeongeza bila kutafuta tundu utamwita tena. Na kama kibandiko cha AC kimeandikwa R32, gesi hiyo inashika moto, usiifungue mwenyewe.

Iwashe kwenye nyuzi 24 usiku mmoja. Barafu ikirudi, tafuta fundi mwenye geji ya kupima presha ya gesi. Hapo mimi sigusi.