Maswali ya Wasomaji: Mteja na Msusi katika Saluni za Katikati ya Jiji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watueleze yanayowapata katika saluni za katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Posta na Mnazi Mmoja hadi mitaa ya Kariakoo, ambako juu ya maduka ya rasta, yaani nywele bandia za kusukia, na vipodozi unaweza kukuta saluni kadhaa zimepangana mlango kwa mlango. Barua zilizofika zinazungumzia bei, dawa, picha na maumivu, lakini karibu zote zina jambo moja ndani yake: mteja aliliona tatizo angali amekaa kitini, akanyamaza kwa kuona haya au kwa kuogopa kumuudhi msusi. Ndiyo maana majibu yangu yanarudi mara kwa mara kwenye suala la kusema mapema.

Shikamoo mama. Nilikwenda Kariakoo kusuka rasta ndogo. Kijana aliyenipokea barabarani aliniambia bei ni shilingi 30,000 pamoja na rasta. Nilipomaliza kusukwa, jioni, nikadaiwa 55,000 kwa kuwa nywele zangu ni nyingi na ziliongezwa pisi mbili za rasta. Nililipa kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Je, nilikuwa na haki ya kukataa?
*Msomaji wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Haki ulikuwa nayo. Bei iliyotajwa kabla ya kazi ndiyo mliyokubaliana, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma anayomuuzia. Ungeweza kulipa 30,000, ukaomba kuonana na mwenye saluni au msimamizi wake, na ukadai risiti inayotaja kazi uliyofanyiwa. Wasipokusikiliza, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji, na malalamiko yenye risiti na tarehe husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko maneno matupu.

Hata hivyo, ningependa uelewe jinsi mambo yalivyofikia hapo. Kijana anayesimama barabarani mara nyingi si mwenye saluni wala si msusi. Hupewa chochote kwa kila mteja anayemfikisha juu, na bei anayoitaja ni ya kukushawishi upande ngazi. Mtu wa kupatana naye ni yule atakayekushika kichwa. Mwache akuguse nywele, azipime wingi na urefu, kisha umuulize rasta ni pisi ngapi, kama kuosha na kukausha kumo ndani ya bei, na kama mwisho wa rasta utachovywa kwenye maji ya moto bila malipo mengine. Msusi mzoefu hujua kabla ya kuanza kwamba kichwa fulani kitakula pisi tano au saba, na rasta ndogo kwenye nywele nyingi ni kazi kubwa kweli inayostahili malipo makubwa. Simlaumu kwa kutaka zaidi. Namlaumu kwa kukuambia baada ya kazi kwisha, wakati huna tena nafasi ya kuchagua, ilhali pisi zilipopungua alipaswa kusimamisha mkono na kukuuliza kama uko tayari kuongeza. Ukishapatana naye, mtumie ujumbe mfupi wa simu wenye mtindo na bei hata kama amekaa mbele yako. Hakuna msusi mwaminifu atakayechukizwa na jambo hilo.

Mama, nimekuwa nikiweka dawa ya kulainisha nywele tangu nilipomaliza kidato cha nne. Mwezi uliopita nilijaribu saluni mpya iliyo karibu na ofisi yetu mjini. Dawa ilianza kuniwasha mapema, nikamwambia dada aliyekuwa akinihudumia, naye akanijibu nivumilie kidogo kwa kuwa haijashika. Sasa nina vidonda viwili kisogoni na nywele za hapo zimekatika. Nataka kujua kama kosa ni lake au ni ngozi yangu, na kama niendelee na dawa.
*Mfanyakazi, Ilala*

Pole sana, dada yangu. Kosa si la ngozi yako, nami nitaeleza kwa kirefu kwa sababu neno hilo la "vumilia kidogo" limewaunguza wanawake wengi mno.

Dawa ya kulainisha nywele ni kemikali kali. Nyingi zina kiwango cha pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, kati ya 12 na 14. Baadhi hutengenezwa kwa hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ileile wanayotumia watengenezaji wa sabuni, na nyingine, zinazotangazwa kuwa hazina kostiki, hutumia hidroksidi ya kalsiamu iliyochanganywa na kabonati ya gwanidini. Wateja hudhani hizi za pili hazina madhara, lakini nazo huunguza zikikaa kichwani kupita muda wake. Dawa hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo la kujipinda, na protini inayoujenga unywele, keratini, ndiyo hiyohiyo inayoikinga ngozi yako kwa juu. Kwa hiyo kuwashwa hakuonyeshi kwamba dawa inashika. Kunaonyesha kwamba imefika kwenye ngozi na imeanza kuila. Pale pale uliposema, msusi alipaswa kukupeleka kwenye sinki, hata kama nywele zingetoka zimelainika nusu.

Msusi anayeijua kazi yake huuliza kwanza kama siku moja au mbili zilizopita uliosha kichwa, ulifumua, au ulijikuna, kwa sababu ngozi iliyochubuliwa kidogo tu huunguzwa upesi. Huangalia kama kuna kidonda au kipele, na akikiona hukurudisha nyumbani. Hupaka mafuta mazito ya mgando kwenye ngozi ya kichwa, masikioni na pembezoni mwa uso, huvaa glavu, hutazama saa, na huweka dawa kwenye nywele mpya zilizoota tu. Dawa ikirudiwa juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa huzikata, na ndiyo maana muda unaoshauriwa kati ya kuweka dawa mara moja na nyingine ni wiki 8 hadi 12. Mwishoni husuuza kwa maji mengi na kutumia shampuu maalumu ya kuondoa nguvu ya dawa, ambayo baadhi ya aina zake hutoa povu la rangi ya waridi mpaka mabaki ya dawa yaishe. Ukiona msusi anaruka hatua hiyo kwa kuwa wateja wamejaa kwenye benchi, mkumbushe bila woga.

Siku nyingine ikiunguza, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na usikubali kupakwa ndimu wala siki kwa dhana kwamba itaituliza dawa. Kwa vidonda ulivyonavyo sasa, usiweke dawa, usipake rangi, usisuke juu yake, na kama vinatoa usaha au vina maumivu nenda kliniki ya ngozi. Nywele zitaota tena ikiwa shina halikufa, na daktari ndiye anayeweza kukuambia hilo kwa kuangalia kovu.

Jambo jingine ni kopo lenyewe. Saluni nyingi huchota dawa kutoka kwenye kopo kubwa na kuileta kwenye bakuli lisilo na jina. Omba kuliona kopo: jina la mtengenezaji, viambato, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa isiyo na maelezo hayo haifai kukaribia kichwa chako.

Kuhusu kuendelea, uamuzi ni wako, ila uufanye ukijua. Mwezi Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, ilhali kwa wasiozitumia kabisa ulikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano na hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na ugonjwa wenyewe bado ni wa wachache. Kwangu mimi, hata hivyo, tofauti hiyo inatosha kumshauri binti yangu aache, au angalau apunguze sana.

Assalaam aleikum, mama. Mimi huvaa hijabu, na nilichagua saluni ya mjini yenye chumba cha wanawake peke yao. Nilipokuwa nikitengenezwa kwa ajili ya harusi ya dada yangu, msusi mmoja alirekodi video. Shemeji yangu akaiona kwenye ukurasa wa saluni. Nimewaomba waiondoe, wanasema ni tangazo tu na sura haionekani sana.
*Msomaji wa Magomeni*

Waaleikum salaam. Hapa sina maneno ya kumtetea mwenye saluni. Ulilipia faragha, na faragha hiyo ikatolewa hadharani bila wewe kuulizwa. Kutambuliwa na shemeji yako kunatosha kuonyesha kwamba sura inaonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia picha ya mtu anayeweza kutambulika, na Tume iliyoundwa chini yake hupokea malalamiko. Waandikie kwa maandishi ukiwapa siku chache za kuiondoa, hifadhi nakala ya video na ya mazungumzo yenu, na wakikaidi peleka malalamiko kwenye Tume hiyo. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuonja uzito wa jambo hili: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake.

Nawaomba wenye saluni wamuulize mteja kabla ya kurekodi, na jibu la hapana lisibadilishe namna anavyohudumiwa.

Mheshimiwa mama, mimi ni baba wa binti wa miaka saba. Jumamosi mama yake huwa kazini, hivyo mimi ndiye ninayempeleka saluni. Hulia tangu mwanzo hadi mwisho, nao wasusi husema ni deko. Usiku hashiki usingizi, na mbele kwenye paji la uso nywele zimeanza kunyonyoka. Sijui niseme nini kwa kuwa mimi ni mwanamume na mambo haya ni ya kina mama.
*Baba, Temeke*

Ndugu yangu, sema. Mtoto ni wako na maumivu yake unayaona kwa macho. Kusuka vizuri hakuumi baada ya kuinuka kitini. Ngozi ikivutika hadi mtoto ashindwe kulala, au vipele vidogo vikitokea kwenye mashina ya nywele, amebanwa kupita kiasi na afumuliwe siku hiyohiyo, hata kama pesa imekwisha kulipwa. Nywele zinazovutwa mara kwa mara hunyonyoka pembezoni. Mwanzoni huota tena zikipumzishwa, lakini zikivutwa kwa miaka shina hugeuka kovu na upara ukabaki. Uchunguzi wa madaktari wa ngozi uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta hali hiyo kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa, na kwa wasichana wa shule pia. Mwambie msusi aache nywele za mbele zilegee, mafungu yawe makubwa, na rasta nzito zisiongezwe kwenye kichwa cha mtoto.

Ukiona viraka vya mviringo vyenye magamba, hayo huenda ni mapunye, ambayo huenea kwa vitana na mashine zinazotumiwa na wengi. Krimu ya kupaka haifiki kwenye shina. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari. Unaweza pia kumbebea kitana chake.

Mama, mimi ni msusi hapa mjini. Mwenye saluni huchukua nusu ya kila kichwa, nami nusu. Mteja huweka miadi saa tatu asubuhi akafika saa sita, nami nimekwisha kuwarudisha wengine. Mwingine hubadili mtindo nikiwa katikati. Mwingine akimaliza husema hakupenda na kutaka kupunguziwa. Nifanyeje bila kugombana nao?
*Msusi, Kariakoo*

Asante kwa kuandika, binti yangu, kwa maana wateja wengi hawajui kwamba muda wanaouchelewesha unatoka kwenye chakula chako. Anza kuomba kianzio kidogo kwa simu pale miadi inapowekwa, kikatwe kwenye malipo ya mwisho, na umweleze mteja mapema kwamba akichelewa zaidi ya nusu saa nafasi itapewa mwingine. Ukisema hivyo kwa upole siku ya kuweka miadi, huna haja ya kufoka siku yenyewe.

Kuhusu mtindo, picha ya simu pekee haitoshi. Kama nywele za mteja ni fupi au nyepesi kwa mtindo anaoutaka, mwambie kabla hujagusa kitana, hata kama atakwenda kwa jirani. Ukisuka mistari ya kwanza mpe kioo aangalie unene na jinsi inavyovuta. Akikubali endelea, na kuanzia hapo mabadiliko yana bei yake. Asipoipenda kazi kwa sababu umekosea, fumua na usuke upya bila kumlipisha. Akibadili mawazo tu, alipie.

Ila kazi ya kurudia isikuangukie wewe peke yako. Mwenye saluni anayechukua nusu ya kila kichwa anapaswa kubeba nusu ya hasara pia, hasa pale kosa linapotokana na rasta mbovu au dawa aliyoinunua yeye, na mazungumzo hayo uyafanye naye sasa, wakati hakuna mteja anayelalamika.