Muulize Ami: Rais wa Mahakama ya Rufaa awekwa na nani?

SWALI: Shikamoo Ami. Rufaa ya shamba la babu yetu iko Mahakama ya Rufaa hapa Mombasa, na barazani Majengo tumeshikana. Mimi nasema mkubwa wa mahakama hiyo, maadamu aitwa Rais, huteuliwa na Rais wa nchi. Mwenzangu ashikilia kwamba ni Jaji Mkuu amwekaye. Tumewekeana kahawa tungu ya wiki nzima. Nani kapata?
Mbishi, Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna aliyepata.

Huyo huchaguliwa na majaji wa Mahakama ya Rufaa wenyewe, miongoni mwao. Ndivyo isemavyo Katiba ya 2010, kifungu cha 164. Jaji Mkuu ndiye apelekwaye Bungeni kuidhinishwa. Huyu wa Rufaa, wenzake wakishamchagua, basi.

Jina ndilo liwapotezalo. Nilipokuwa karani wa masjala, mzee mmoja wa Kwale nilimtajia Rais wa Mahakama, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa hii barua niipeleke Ikulu?"

Waliokwisha kukalia kiti hicho wajulikana. Kihara Kariuki alichaguliwa 2013, akaondoka 2018 kwenda kuwa Mwanasheria Mkuu. Akafuata William Ouko, naye 2021 akapanda Mahakama ya Juu, na majaji wakamchagua Daniel Musinga.

Hata hivyo hukukosea kwa yote, maana Rais wa nchi yuko mlango wa nje. Kabla ya kupiga kura ile sharti kwanza uwe jaji wa Rufaa, na hapo Tume ya Huduma za Mahakama huhoji, hupendekeza majina, kisha Rais huteua. Wengi twaona kazi yake hapo ni kupiga muhuri tu. Lakini wakumbuka yale majina 41 ya mwaka 2019? Yalilala mezani kwa Uhuru Kenyatta hadi 2021; mmoja alikwisha kufariki, naye Uhuru akateua 34 na kuwaacha sita, wanne kati yao wakiwa wa Rufaa. Hao sita waliteuliwa na William Ruto, Septemba 2022. Basi Rais hana kura mle ndani, ila aweza kumweka mpiga kura barazani miaka mitatu akisubiri kufunguliwa. Mimi hilo lilinikera, na halijaacha.

Kuhusu shamba, msihangaike kumtafuta mkubwa. Rufaa husikizwa na majaji watatu, na wawili wakikubaliana imekwisha. Hata Rais wao akiwa mmoja wa hao watatu, sauti yake ni moja. Nendeni masjala na nambari ya faili, muulize kama wakili wenu keshawasilisha makaratasi yote ya rufaa. Nimeona faili nyingi zikikwama hapo, jaji hata hajazigusa.

Kahawa nyote mumeliwa. Mlipeni muuza kahawa ya wiki mbili, na kikombe kimoja mniwekee.